Lawrence Bragg: Mwanasayansi aliyefungua njia ya kioo kinachounga mifupa

MWAKA 1896, vibarua walipokuwa wakianza kutandaza reli kutoka kisiwa cha Mombasa kuelekea Changamwe na hatimaye bara, mtoto mmoja wa miaka kama sita hivi alikuwa akiugulia maumivu mjini Adelaide, kusini mwa Australia. Alikuwa akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu, ndugu yake mdogo akamrukia, wakaanguka wote wawili. Kiwiko cha mkono wake wa kushoto kikapondeka.

Mtoto huyo aliitwa William Lawrence Bragg. Baba yake, William Henry Bragg, alikuwa profesa wa hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Adelaide, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1886 akiwa kijana wa miaka 23. Miezi michache tu kabla ya ajali hiyo, Novemba 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alikuwa amegundua miale ya ajabu iliyopenya nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Habari zilipomfikia, profesa yule alijiundia mtambo wake mwenyewe kwa msaada wa fundi wa maabara yake. Sasa akautumia kumpiga picha mwanawe.

Mtoto aliogopa cheche na milio ya mtambo ule, lakini picha ilipatikana. Tukio hilo hutajwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa eksirei kutumika kwa tiba nchini Australia. Mkazi wa Likoni au Kisauni anayevunjika mkono siku hizi huelekezwa kwenye chumba cha eksirei bila yeyote kushangaa, ila mwaka ule mtambo kama huo ulikuwa kioja.

Palikuwa na wasiwasi kwamba kiwiko kingekakamaa daima. Mjomba wake, ambaye alikuwa daktari, hakukubali. Kila baada ya siku chache mtoto alilazwa kwa dawa ya usingizi na mkono ukakunjwa na kunyooshwa, hadi mifupa iliyovunjika ikajifanyia kiungo kipya. Mkono ulipona, ingawa ulibaki umepinda kidogo na kuwa mfupi kuliko mwenzake.

Bragg alizaliwa Machi 31, 1890. Kwa upande wa mama, babu yake alikuwa Charles Todd, aliyesimamia ujenzi wa laini ya simu ya upepo iliyovuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini na kukamilika mwaka 1872. Kwa hivyo mtoto alikulia katika nyumba ambamo sayansi ilizungumzwa mezani kama watu wengine wanavyozungumzia bei ya unga.

Alikuwa mpweke kiasi. Alipenda kuokota makombe ufuoni, na siku moja akaokota mfupa wa ngisi wa aina ambayo wataalamu hawakuwa wameiandika bado. Mwaka 1907 ngisi huyo alipewa jina la Sepia braggi. Wakati huo kijana alikuwa tayari mwanafunzi wa chuo kikuu, kwani alijiunga akiwa na miaka 15, na mwaka 1908 akahitimu hisabati kwa daraja la kwanza.

Mwaka uliofuata familia ilihamia Uingereza. Baba alipata kazi Leeds, mwana akaingia Trinity College, Cambridge.

Ni huko Cambridge, mwaka 1912, ndiko lilikotokea jambo lililoandika jina lake katika historia. Mjini Munich, Max von Laue na wenzake walikuwa wamepitisha eksirei katika kipande cha fuwele, yaani dutu ambayo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu usiobadilika. Nyuma yake waliweka bamba la picha. Badala ya doa moja yalitokea madoa mengi, yamejipanga kama nakshi. Ilikuwa dhahiri kwamba eksirei ni mawimbi. Lakini madoa yale yalimaanisha nini hasa? Maelezo ya Laue yalikuwa mazito na hayakulingana sawasawa na kilichoonekana.

Bragg, mwenye miaka 22, alikuwa akitembea kando ya mto Cam alipopata wazo. Fuwele, aliwaza, ni matabaka ya atomi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila tabaka huakisi sehemu ndogo ya mawimbi. Anayetaka kuelewa na atazame mafuta kidogo yaliyomwagika juu ya maji ya bahari. Rangi zinazocheza pale hutokana na mwanga unaoakisiwa na uso wa juu wa mafuta na ule unaoakisiwa na uso wa chini. Mawimbi yakikutana yakiwa sambamba hupeana nguvu, yakipishana huuana. Vivyo hivyo kwa eksirei na matabaka ya atomi. Ukijua pembe ambayo miale inarudi kwa nguvu, na ukijua urefu wa wimbi, unaweza kukokotoa umbali kati ya tabaka na tabaka.

Kanuni hiyo ni fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja. Ilisomwa mbele ya wanazuoni wa Cambridge mnamo Novemba 11, 1912, na mpaka leo wanafunzi wa fizikia huijua kama Kanuni ya Bragg. Kwa mara ya kwanza binadamu aliweza kupima mahali atomi ilipo ndani ya kitu kigumu.

Mojawapo ya vitu vya mwanzo alivyovichunguza ni chumvi ya mezani, ile ile inayovunwa Gongoni na Ngomeni huko Pwani. Wanakemia waliamini kwamba chumvi ni jozi za sodiamu na klorini, kila moja na mwenziwe kama mume na mke. Bragg alionyesha kwamba hakuna jozi. Atomi zimejipanga kwa zamu kama miraba myeupe na myeusi ya bao la drafti, na kila atomi imezungukwa na sita za aina nyingine. Wazee wa kemia hawakupendezwa. Hata mwaka 1927, Henry Armstrong, akikaribia miaka 80, alikuwa bado anaandika kwenye jarida la Nature kulalamikia chumvi ya bao la drafti.

Jambo jingine lilimuuma Bragg zaidi ya upinzani wa wanakemia. Baba yake, ambaye alikuwa ametengeneza kifaa bora cha kupimia miale hiyo, ndiye aliyealikwa kwenye mikutano mikubwa, na watu wengi wakadhani wazo lilikuwa la mzee. Mzee mwenyewe hakudai hivyo, na mara kwa mara alimtaja mwanawe. Hata hivyo kivuli kilikuwa kikubwa, tena wote wawili walikuwa na jina moja, William Bragg. Wawili hao hawakugombana hadharani, lakini kidonda hicho hakikufunga upesi.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaja. Bragg alipelekwa Ufaransa kuunda mbinu ya kutambua mizinga ya adui ilipo kwa kupima muda ambao sauti yake ilichukua kufikia vinasa sauti vilivyotegwa sehemu mbalimbali. Akiwa kwenye kazi hiyo mwaka 1915 alipata habari mbili. Ndugu yake Robert, yule aliyemrukia utotoni, alikuwa amefariki kutokana na majeraha aliyoyapata Gallipoli. Kisha, majuma machache baadaye, ikaja habari kwamba yeye na baba yake wametunukiwa Nobeli ya Fizikia. Alikuwa na miaka 25. Hajatokea hadi sasa mshindi wa Nobeli ya Fizikia mwenye umri mdogo kuliko huo.

Mwaka 1919 aliteuliwa kumrithi Ernest Rutherford katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwanzo ulikuwa mgumu. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa askari waliotoka vitani, watu wazima wasio na subira, nao walimfanyia fujo darasani. Profesa kijana asiye na uzoefu wa kufundisha alitikisika. Faraja yake ilikuwa ndoa: Desemba 1921 alimuoa Alice Hopkinson, wakajaliwa watoto wanne. Bi Alice baadaye alikuwa Meya wa Cambridge.

Na ni Manchester ambako Bragg alifanya kazi ambayo haitajwi sana magazetini lakini ndiyo inayogusa mada ya mifupa. Katikati ya miaka ya 1920 aliyageukia mawe.

Sehemu kubwa ya mawe na udongo wa dunia hii ni silikati, yaani silikoni iliyoshikana na oksijeni pamoja na madini mengine. Kemia ya silikati ilikuwa kizungumkuti. Madini yenye viambato vinavyokaribiana yalikuwa na tabia tofauti kabisa: moja linachanika karatasi karatasi kama ulanga, jingine linachambulika nyuzi nyuzi kama asbesto, jingine ni gumu kama gwandu la mwamba. Hakuna aliyejua sababu.

Bragg na wenzake waliyachunguza madini moja baada ya jingine kwa eksirei, na jibu likajitokeza. Kila atomi ya silikoni hushikwa na oksijeni nne zilizoizunguka, umbo lake kama piramidi ndogo yenye nyuso nne za pembetatu. Piramidi hizo huungana kwa ncha. Zikiungana kwa mstari zinakuwa mnyororo, na jiwe linachambuka kama nyuzi. Zikitandaa zinakuwa jamvi, na jiwe linachanika. Zikiungana pande zote zinakuwa kiunzi kigumu. Tofali ni lile lile, tofauti ni namna mjenzi alivyolipanga.

Miongoni mwa waliofanya naye kazi Manchester walikuwa vijana wawili wageni, Bertram Warren kutoka Marekani na William Zachariasen kutoka Norway. Hao ndio waliolichukua swali na kulipeleka kwenye kioo.

Kioo kilikuwa kigumu kuliko mawe. Hakina matabaka yaliyopangika, hivyo hakitoi madoa safi yanayoweza kukokotolewa kwa Kanuni ya Bragg. Hutoa mviringo hafifu tu, kama mwezi uliofunikwa na wingu. Mwaka 1932 Zachariasen alitoa maelezo ambayo yanafundishwa hadi leo: ndani ya kioo mna piramidi zile zile za silikoni na oksijeni, zimeungana kwa ncha vile vile, ila mpango wake haujirudii. Warren na wanafunzi wake wakaithibitisha picha hiyo kwa vipimo vya eksirei katika muongo huo huo.

Mvuvi wa Likoni angeielewa haraka. Wavu mpya dukani una matundu sawa. Huo ni fuwele. Wavu ulioshonwa na kushonwa tena kwa miaka una matundu madogo na makubwa, ya pembe nne, tano au saba, lakini kila fundo bado limeshika nyuzi zake nne. Huo ndio kioo.

Sasa tia magadi. Magadi, ambayo kwa miongo mingi yamekuwa yakipita Changamwe kwenye mabehewa kutoka Ziwa Magadi kwenda bandari ya Kilindini, ni malighafi kuu ya vioo kwa sababu yana sodiamu. Chokaa, kama ile ya mawe ya matumbawe iliyolisha kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu miaka ya 1950, huleta kalsiamu. Sodiamu na kalsiamu zikiingia kwenye wavu hukata baadhi ya nyuzi. Ndiyo maana mchanga uliotiwa magadi huyeyuka kwa moto mdogo zaidi. Na nyuzi zikikatwa nyingi mno, kioo huanza kuyeyuka hata ndani ya maji. Kwa mtengeneza chupa hiyo ni hasara. Kwa daktari wa mifupa, kama itakavyoonekana, ilikuwa bahati.

Bragg mwenyewe hakuingia huko. Mwaka 1938 alirudi Cambridge kuongoza maabara ya Cavendish, mara hii pia akimrithi Rutherford, na mwaka 1941 akapewa cheo cha Sir. Aliwaunga mkono Max Perutz na John Kendrew waliojaribu kutumia eksirei kusoma umbo la protini, kazi ambayo wengi waliiona kama ndoto. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, vijana wa maabara hiyo hiyo, walifumbua umbo la DNA, wakitegemea pia picha za Rosalind Franklin wa King's College, London. Perutz, Kendrew, Watson na Crick wote walipata Nobeli mwaka 1962. Wanaoeleza habari za Bragg mara nyingi hukimbilia hapo, na kuyaruka mawe ya Manchester.

Kuanzia 1954 aliongoza taasisi ya Royal Institution jijini London, ambako alivutia maelfu ya watoto wa shule kwa maonyesho ya sayansi. Alikosa kitu kimoja tu huko, bustani. Basi akaenda kujiajiri kama mtunza bustani wa bibi mmoja, siku moja kila juma, bila kujitambulisha. Bibi yule alimthamini sana mfanyakazi wake, mpaka siku mgeni alipochungulia dirishani na kuuliza kwa mshangao Sir Lawrence Bragg alikuwa akifanya nini kwenye maua.

Alistaafu mwaka 1966 na kuaga dunia Julai 1, 1971, akiwa na miaka 81.

Katika miaka yake ya mwisho, kioo kilikuwa kinaingia mwilini. Tangu 1958, daktari wa upasuaji John Charnley wa Uingereza alikuwa akitumia saruji ya akriliki, jamii ya plastiki, kushikiza nyonga bandia. Saruji hiyo imewarudishia watu wengi uwezo wa kutembea, lakini hupata joto inapoganda, na haishikani na mfupa kikemia. Hujaza nafasi tu, kama kabari.

Mwaka 1969 Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitengeneza kioo chenye silika asilimia 45, sodiamu na kalsiamu katika hali ya oksidi asilimia 24.5 kila moja, na oksidi ya fosforasi asilimia 6. Kioo cha dirisha kina silika asilimia 70 hivi. Kwa maneno ya mvuvi, wavu wa Hench ulikuwa umekatwa vibaya. Kwa sababu hiyo, ukiwekwa mwilini, sodiamu hutoka, kalsiamu na fosfeti hujikusanya juu yake na kuwa madini yanayofanana na ya mfupa, na mfupa hukishika. Vipande vilivyowekwa kwenye mifupa ya panya havikung'oka baada ya majuma sita.

Wakati huo huo jijini London, Alan Wilson na Brian Kent walichanganya unga wa kioo chenye alumini na asidi ya polimeri, wakapata saruji inayoganda bila joto kubwa na kushikana na jino. Hiyo ndiyo inayotumiwa na madaktari wa meno duniani kote. Siri yake imo kwenye mpangilio wa atomi. Alumini hujipenyeza mahali pa silikoni ndani ya wavu, lakini ina chaji pungufu, hivyo fundo lake ni dhaifu. Asidi hushambulia hapo hapo, kalsiamu na alumini zinatoka na kufunga minyororo ya asidi pamoja. Alumini ikipungua mno, asidi haina pa kuingilia na saruji haigandi.

Kilichofaa meno kikajaribiwa kwenye mifupa, na hapo ndipo gharama ya kutojua ilipoonekana. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walitoa taarifa za wagonjwa waliojengewa mfupa wa fuvu karibu na sikio kwa saruji ya aina hiyo. Alumini ilivuja kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Wagonjwa walipatwa na kifafa na kupoteza fahamu, na wengine walifariki.

Tangu hapo watafiti, wakiwemo wa Ireland na Uingereza, wamekuwa wakitafuta kioo kisicho na alumini ambacho bado kitakubali kushambuliwa na asidi. Mojawapo ya madini wanayoyategemea ni zinki, kwa kuwa ina tabia mbili: wakati mwingine hushika nyuzi kama fundo la wavu, wakati mwingine huzikata kama sodiamu. Ni ipi kati ya hizo itatawala inategemea viambato vingine, na haiwezi kujulikana kwa macho. Hupimwa kwa eksirei, kwa miale ya nyutroni na kwa sumaku kali, kisha kompyuta hujenga wavu wenye maelfu ya atomi na kuulinganisha na vipimo. Vioo hivyo huganda. Tatizo lililobaki ni kwamba vingi huganda upesi mno, kabla daktari hajamaliza kazi, au vinapungukiwa na nguvu ya kubeba uzito wa mwili, na kwa nyonga na magoti saruji ya akriliki ya Charnley ndiyo ingali inashika nafasi ya kwanza.